Waliokimbilia Bara kwa Sababu ya Madeni



Ndugu zangu katika imani, wiki mbili zilizopita, baada ya Swala ya Alfajiri, nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Nyuma ya sauti ya mpigaji nilisikia karasha likisaga mawe, nikajua huyu yuko machimboni. Akanitajia jina la marehemu baba yake nikamkumbuka. Ni kijana wa Kahama, alikuwa anauza mchele kwa jumla. Akasema, "Sheikh, mimi nina miezi sita huku ng'ambo ya Geita. Nyumbani wanajua natafuta dhahabu. Ukweli nimekimbia madeni. Naomba nikuulize jambo moja tu: katika dini yetu mtu anaruhusiwa kusema mbele ya watu kwamba amefilisika, yakaisha?"

Nilimwambia anipe siku chache. Amenipa ruhusa niandike, ila mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Naandika kwa sababu swali lake si lake peke yake. Katika ukanda huu wetu, kuanzia Shinyanga, Kahama, Kakola mpaka Nyarugusu na Rwamagasa, kuna wanaume wengi ambao hawakwenda kwenye maduara kwa kupenda dhahabu. Walikwenda kwa kumkwepa mtu. Na hili si geni. Nisome nami taratibu, nitaanzia mbali kidogo.

Karne ya 19, kabla ya Mjerumani, njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapanda mpaka Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo. Kutoka Tabora njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine ikaja kwetu kaskazini, ikipita Msalala kuelekea ziwani. Sisi wa Kahama na Shinyanga tunakaa juu ya njia hiyo, hata kama hatuoni tena alama zake.

Wenye misafara wengi hawakuwa na mtaji wao wenyewe. Mtaji ulitoka Unguja, kwa matajiri wa Kihindi. Nyumba ya Jairam Sewji ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi, na hata watawala wa Zanzibar wenyewe walikuwa wanadaiwa na nyumba hiyo. Baadaye akaja Taria Topan, naye akapata nguvu kubwa. Mfanyabiashara alichukua merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba kwa mkopo, akaandikiana waraka na tajiri, akaahidi kurudi na pembe za ndovu. Wengi wa wakopaji hao walikuwa Waislamu, na riba walijua ni haramu. Basi riba ikajificha ndani ya bei. Waraka uliandika deni kubwa kuliko thamani ya nguo alizopewa. Wengine waliweka shamba au nyumba kwa "bei ya khiyari", yaani wanauza kwa sharti la kununua tena, na huku wote wawili wanajua kwamba ni mkopo wenye rehani. Ndugu yangu, ukiona leo mtu anakwambia "hii si riba, ni ada ya huduma", usidhani yeye ndiye wa kwanza kuwa mjanja.

Sasa fikiria. Umechukua mali ya watu, umetembea miezi mitatu mpaka Tabora. Bei ya pembe imebadilika, wapagazi wamekutoroka na mizigo, au vita imefunga njia. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aligombana na Waarabu wa Tabora, na vita ile ikavuruga njia ya Ujiji kwa muda mrefu. Mali imekwisha na waraka uko Unguja unakusubiri. Ukirudi, utakutana na mwenye deni na aibu. Ukibaki, unaweza kuoa, kulima mpunga na vitunguu, kupanda miembe, na kumtumia tajiri barua kwamba mambo yatakaa sawa msimu ujao.

Wengi walibaki. Wasafiri wa zamani na wanahistoria wa sasa wanakubaliana hapo: miongoni mwa watu wa pwani na Waarabu waliofanya makazi Tabora, Ujiji na hata Manyema, walikuwamo ambao hawakuthubutu kurudi pwani kwa sababu ya madeni. Kwao bara ilikuwa maficho. Kila deni lilipowakaribia walisogea mbele zaidi.

Kila mtu anamtaja Hamed bin Muhammed, Tippu Tip. Aliondoka pwani kiasi cha mwaka 1870 na mali ya Taria Topan, akakaa bara miaka 12, akarudi Unguja mwaka 1882 na pembe nyingi, akawa tajiri mkubwa. Hadithi yake imeandikwa, yeye mwenyewe aliisimulia kwa Kiswahili. Lakini wale waliokwenda na mali ya mkopo wakafia njiani au wakazeekea bara wakiogopa barua, nani anawakumbuka?

Na lazima niseme jambo lingine, kwa sababu sipendi historia ya kupaka rangi. Deni lile halikulipwa na jasho la mdaiwa peke yake. Mtu aliyebanwa na deni, ana bunduki, yuko mbali na kadhi, alikuwa rahisi kuvamia kijiji akachukua pembe na watu. Pembe zilibebwa na watu, na wengine waliuzwa pamoja nazo. Madeni yaliyoandikwa kwa wino Unguja yalilipwa na mama wa Manyema ambaye hakuwahi kukopa hata upande wa kanga. Mdaiwa anayekimbia mara nyingi anamwachia mwingine mzigo. Leo si minyororo, lakini muulize mke aliyebaki Kahama na dalali mlangoni, atakwambia nani anabeba.

Nilipomweleza yule kijana habari hizi kwenye simu, alinyamaza, halafu akasema, "Lakini Sheikh, huku mtu anaweza kupata siku moja akalipa yote."

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu sisi watu wa ukanda huu, nami naujua kwa sababu niliwahi kuugua.

Mnajua habari ya Mwadui. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, alitafuta almasi katika nchi hii miaka kadhaa. Malaria ilimpiga, fedha zikamwishia, akawa anaishi kwa kuungwa mkono na watu, akiwemo wakili wa Mwanza aliyeitwa Iqbal Chopra. Mwaka 1940 akapata almasi Mwadui, mwendo mfupi tu kutoka Shinyanga mjini. Chopra akawa mwenye hisa. Williamson akatajirika kiasi kwamba jiwe la rangi ya waridi lililotoka pale alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Alikufa mwaka 1958, na mgodi ukauzwa, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika.

Hadithi hii nimeisikia kwa wazee wangu, nimeisikia kwenye mabasi, nimeisikia kwenye maduara kutoka kwa watu wasiojua hata jina la Williamson vizuri. Inasimuliwa hivi: kulikuwa na mzungu mmoja amefulia, madeni kila kona, karibu akate tamaa, kesho yake akapata. Na kila anayeisimulia ana deni. Sijawahi kusikia mtu akisimulia habari za waliochimba upande wa pili wa kilima kile wakaambulia udongo, ingawa hao ndio walio wengi.

Mimi mwenyewe, mwaka 2011, nikiwa mwalimu wa madrasa, nilikopa shilingi 800,000 kwa muungwana mmoja nikaingiza kwenye duara la rafiki zangu. Nilihesabu mifuko ya mawe kabla halijachimbwa. Duara likajaa maji masika ile. Unajua nilifanya nini? Kwa karibu miezi miwili nilikuwa nasali Alfajiri msikiti wa mtaa mwingine, kwa sababu mwenye fedha yangu alikuwa anasali safu ya kwanza msikiti wetu. Mwalimu wa Qur'ani anabadilisha msikiti kwa kumkimbia Muislamu mwenzake! Siku moja alinikuta sokoni, akanisalimia, akaniuliza kama naumwa maana hanioni. Hakutaja deni. Nililia pale pale penye nyanya. Nililipa kidogo kidogo kwa miaka miwili, na hakuniongezea hata senti. Allah amrehemu.

Kwa hiyo ninapoandika haya, usidhani nakutazama kutoka juu ya mimbari.

Sasa tuje kwenye swali. Neno letu kufilisika limetokana na Kiarabu, iflasi, nalo linahusiana na fulusi, zile sarafu ndogo za shaba. Muflisi ni mtu ambaye dhahabu na fedha zimemtoka, akabaki na vijisenti. Wengi mnaijua hadithi ya muflisi wa Akhera, yule anayekuja na swala na funga lakini alitukana huyu na kudhulumu yule. Leo nazungumzia muflisi wa duniani, ambaye katika vitabu vya fiqhi ana mlango wake mzima, lakini sisi maimamu hatuusomeshi. Tunasomesha udhu mara mia, mlango wa taflisi tunaupita haraka. Na mimi ni mmoja wao.

Katika Sahih Muslim, Abu Said al-Khudri (r.a.) anasimulia habari ya mtu aliyenunua matunda zama za Mtume (s.a.w.), matunda yakapatwa na maafa, madeni yakamlemea. Angalia alichofanya Mtume. Kwanza aliwaambia watu wamsaidie kwa sadaka. Watu wakatoa. Haikutosha kulipa deni lote. Kisha akawaambia wadai wachukue kile kilichopatikana, na kwamba zaidi ya hicho hawana la kudai pale. Mtu yule hakufungwa, hakutukanwa, hakuambiwa akauze watoto. Na hakukimbia Madina. Jambo lilifanywa mbele ya watu, mali ikaonekana, wadai wakagawana.

Zama za Umar (r.a.) kulikuwa na mtu wa kabila la Juhayna aliyeitwa Usayfi'. Habari yake iko katika Muwatta ya Imam Malik. Alikuwa akinunua ngamia wenye mbio kwa bei kubwa, kwa mkopo, ili awe wa kwanza kufika kutoka Hija, watu waseme fulani amewatangulia mahujaji. Sifa ile ikamfilisi. Umar akasimama mbele ya watu, akatangaza kwamba anayemdai aje asubuhi mali igawanywe, na akawaonya watu na deni, kwamba mwanzo wake ni wasiwasi na mwisho wake ni ugomvi. Umar alimsema, ni kweli, kwa sababu deni lake lilikuwa la kujionyesha. Hata hivyo utaratibu ni ule ule: tangazo, siku maalumu, kila mdai anapata kwa kadiri ya anachodai.

Fiqhi yetu ya Kishafii imepanga mambo haya kwa kina. Madeni ya mtu yakizidi mali yake na wadai wakaomba, kadhi anamwekea hajri, yaani anazuiwa kuuza na kugawa mali yake ovyo. Mdaiwa mwenyewe pia anaweza kuomba. Mali inauzwa, wadai wanagawiwa kwa uwiano, na mpaka siku ya mgao yeye na wanaomtegemea wanapata chakula kutoka katika mali hiyo. Anaachiwa nguo zake. Nyumba, kwa kauli yenye nguvu katika Minhaj ya Imam Nawawi, inauzwa. Mahanbali wao wanasema nyumba ya kukaa haiuzwi. Mnaona, wanachuoni walishabishana juu ya paa la mdaiwa kabla dalali wa leo hajazaliwa. Na baada ya mgao halazimishwi kujikodisha kazi kwa ajili ya deni lililobaki, isipokuwa kama alilipata deni hilo kwa njia ya maasi. Aliyethibiti kuwa hana kitu hafungwi, anapewa muda, kwa sababu katika Suratul Baqara, aya ya 280, Mwenyezi Mungu ameamrisha mwenye dhiki angojewe mpaka apate nafasi, na akasema kumsamehe ni bora zaidi.

Lakini tusidanganyane. Deni lililobaki halifutiki kwa hajri. Linabaki katika dhima yake, akipata analipa, isipokuwa mwenye haki asamehe. Kwa hiyo, kijana wangu, jibu la nusu ya kwanza ya swali lako ni ndiyo, unaweza kutangaza. Nusu ya pili, "yakaisha", hiyo iko mikononi mwa wadai wako na uwezo wako wa baadaye.

Na kuwa na deni si dalili kwamba mtu hana imani. Zubayr bin al-Awwam (r.a.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, aliuawa siku ya Jamal akiacha deni la 2,200,000, kama ilivyo katika Bukhari. Kabla ya vita alimwita mwanawe Abdullah akamweleza deni na akamuusia alilipe. Abdullah akauza ardhi ya baba yake, na miaka minne mfululizo akatangaza wakati wa Hija kwamba anayemdai Zubayr ajitokeze, kabla ya kuwagawia warithi. Deni kubwa namna hiyo halikumdhalilisha Zubayr kwa sababu mtoto wake alilijua. Wewe mkeo anajua?

Sheria za serikali nazo zina historia yake katika nchi hii, nitaipitia kwa ufupi. Mwingereza alipotawala Tanganyika alitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, maarufu ile ya mwaka 1931, ambayo ilimzuia mfanyabiashara asiye mwenyeji kumdai Mwafrika mahakamani bila mkopo huo kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Walisema wanamlinda. Matokeo yake Msukuma wa pamba hakuweza kukopesheka dukani kama mtu mzima. Unguja nako, karafuu iliposhuka bei, wenye mashamba walizama kwenye madeni ya rehani, na mwaka 1934 serikali ikatoa amri za kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wakopeshaji. Wafanyabiashara wa Kihindi wakapinga, mpaka India karafuu ya Zanzibar ikasusiwa mwaka 1937, na mwaka 1938 ikaja amri nyingine ya kusuluhisha madeni ya mashamba. Wazee wetu huku wakajibu kwa njia yao, vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani pale Mwanza. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudi miaka ya 80, na vingine vikaja kulemewa na madeni vyenyewe. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Kubwa ninalotaka ujue ni hili. Katika vitabu vya sheria za Tanzania, Sura ya 25, iko Sheria ya Ufilisi tuliyoirithi tangu mwaka 1930. Mtu binafsi, si kampuni tu, anaweza kupeleka maombi Mahakama Kuu mwenyewe atamkwe kuwa amefilisika, mali yake ishikwe na msimamizi rasmi, wadai waitwe, na baadaye mahakama ikiridhika imwachie huru. Mnaijua RITA kwa vyeti vya kuzaliwa. Someni jina lake kamili la Kiswahili: Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Hilo neno la katikati hakuna anayeliuliza. Ni kweli njia hiyo ina gharama na mwendo mrefu, na kwa mwenye deni la milioni chache haifai kuwa ya kwanza. Lakini ipo, na si aibu kumuuliza wakili au msaidizi wa kisheria wa wilaya yako.

Yako mengine ya karibu zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai imetaja vitu visivyokamatwa kwa hukumu ya deni la kawaida: nguo, vyombo vya kupikia, matandiko, zana za fundi, zana na mbegu za mkulima, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake, isipokuwa uliiweka rehani kwa mkono wako. Kwa hiyo anayekuja na kundi la vijana kubeba godoro la mtoto na sufuria, bila karatasi ya mahakama, huyo si mdai tena. Na kifungo cha madai kipo, lakini ni kwa amri ya mahakama, kina kikomo, anayekufunga ndiye anayegharamia chakula chako, na ukitoka deni liko pale pale. Ndiyo maana wadai wenye akili wanapenda sulhu.

Kuhusu mikopo ya kausha damu na ile ya kwenye simu: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Kama aliyekukopesha anatuma picha yako kwa watu wote walio kwenye simu yako, kalalamike. Usikae kimya eti kwa sababu wewe ndiye mkosaji.

Sasa nirudi kwa kijana wetu. Nilimwambia kitu kimoja kabla ya fatwa yoyote: andika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, haizungumzii swala wala Hija, inazungumzia kuandika deni. Akasema hana daftari. Nikamwambia andika hata nyuma ya boksi la sigara la mwenzako. Ilimchukua siku nne, kwa sababu, alisema, kila akiandika jina mkono unakuwa mzito.

Alikuwa anaamini anadaiwa "kama milioni thelathini hivi". Ilipoandikwa ikawa 18,600,000. Hofu ilikuwa imemwongezea milioni kumi na moja za bure! Tukaipitia kwenye simu, jina kwa jina. Mwenye ghala la mchele, 4,500,000. Shemeji yake, thamani ya ng'ombe, 2,000,000. Kikundi cha vikoba cha mkewe, 1,000,000. Watu wadogo wadogo, 900,000. Kausha damu, 3,200,000, lakini alichopokea mkononi kilikuwa 1,500,000. Na mfadhili wa duara, 7,000,000.

Nikamuuliza, huyo mfadhili mliandikianaje? Akasema waliandikiana kwamba mfadhili atoe chakula, magogo, mafuta ya pampu na baruti, na mawe yakitoka wagawane nusu kwa nusu. Mawe hayakutoka. Sasa mfadhili anamdai milioni saba.

Ndugu zangu wachimbaji, hapa simameni. Wanachuoni wa madhehebu yetu wanaibana mudharaba kwenye biashara, wengine wamepanua, sitaki kuwachosha. Lakini msingi wanakubaliana: aliyetoa mtaji kwa kungoja sehemu ya faida si mkopeshaji. Ikija faida mnagawana, ikija hasara mwenye mtaji anapoteza mtaji na mfanyakazi anapoteza jasho lake, maadamu mfanyakazi hakuiba na hakuzembea. Huwezi kuwa mshirika mawe yakitoka na mkopeshaji yasipotoka. Nilimuuliza kijana mara tatu, uliiba mafuta? uliuza mfuko wa mawe kwa siri? Akaapa hapana. Basi ile milioni saba, kwa ninavyojua mimi, si deni. Alikuwa amekimbia watoto wake kwa deni ambalo hakuwa nalo.

Ondoa hiyo, ondoa na 1,700,000 iliyozidi kwenye kausha damu ambayo mbele ya Allah si haki ya mtu, inabaki 9,900,000. Mahakamani mkataba wa mkopeshaji mwenye leseni unaweza kusomwa kwa namna nyingine, kwa hiyo hapo nilimshauri asigome, akakae naye wazungumze. Lakini milioni tisa na laki tisa mtu wa mchele anaijua. Ni malori mangapi hayo?

Yuko ambaye atasema, Sheikh unawafundisha watu kukwepa madeni. Hapana. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiletewa jenazah anauliza kama marehemu ana deni, na mmoja aliyedaiwa dinari tatu hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Na mwenye uwezo anayechelewesha kulipa amedhulumu. Kijana huyu ana pikipiki na kiwanja, nimemwambia viuzwe. Alilalamika kuhusu pikipiki. Viuzwe.

Ka'b bin Malik (r.a.) alikuwa anamdai Ibn Abi Hadrad, wakabishana ndani ya msikiti wa Mtume mpaka sauti zikapanda. Mtume akafungua pazia, akamuashiria Ka'b asamehe nusu. Ka'b akakubali, na papo hapo mdaiwa akaambiwa ainuke akalipe. Kwa hiyo ugomvi wa deni ndani ya msikiti una asili, msishangae mkiuona.

Jumamosi iliyopita baada ya Isha tuliketi, wadai saba kati ya tisa. Kijana alirudi kwa basi la usiku, mkewe alikuwa upande wa akina mama na daftari la vikoba. Mwenye ghala alikuja amekunja uso, akasema maneno makali, na alikuwa na haki ya kuyasema. Shemeji amesamehe ng'ombe mmoja. Mwenye ghala hakusamehe kitu, ila amekubali kulipwa laki tatu kila mwezi kuanzia mavuno, na amemrudishia kazi ya kupakia, kwa sharti kwamba mshahara usipite mkononi mwake kwanza. Mfadhili hakuja. Ametuma ujumbe kwamba yeye hatambui mudharaba, anatambua hela yake. Nitamfuata mwenyewe wiki hii, inshaallah, na ule mkataba wao mkononi.

Waliosoma mpaka hapa na wako machimboni kwa sababu kama hiyo, namba yangu mnayo. Pigeni baada ya Alfajiri, karasha likiwa bado halijawashwa.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.